Kukhu Alipocheka Kanisani

Stoo ya mahindi ambamo Kukhu, nyanya yangu, alicheka haipo tena. Ilisimama katika shamba la mlowezi, upande wa Saboti unaoutazama Mlima Elgon, mlima ambao sisi Wabukusu tunauita Masaba. Siku za juma ilikuwa stoo kwelikweli: magunia, panya, vumbi la magunzi. Jumapili vibarua waliyasukuma magunia ukutani, wakalaza mbao juu ya madebe, nayo ikawa kanisa la Marafiki. Mwaka huo wa 1955 mama yangu alikuwa na miaka 14. Aliketi ubavuni mwa mamake, karibu kiasi cha kuhisi mbavu zikitikisika kabla sauti haijatoka.

Mhubiri alikuwa katika Mwanzo, sura ya 18. Alisoma Biblia ya Kiswahili, ile ya Union iliyotoka mwaka 1952. Kabla yake Marafiki wa kwetu walikuwa wakisoma maandiko ya Kiragoli, kazi kubwa ya Emory Rees na Joel Litu. Kiragoli Mbukusu hukisikia kama unavyomsikia jirani anayeongea ng'ambo ya ua. Mengi yanakufikia, mengine yanapotelea njiani. Kiswahili cha siku hiyo kilifika chote. Mhubiri aliposoma kwamba mwanamke mkongwe, aliyekwisha kukoma mambo ya uzazi, alisikia kutoka mlangoni pa hema kuwa mwakani atakuwa na mtoto, Kukhu alielewa kila neno. Akacheka. Mama husema hakikuwa kicheko cha dharau. Kilimtoka kama chafya.

Nimefundisha somo la Biblia la akina mama kwa zaidi ya miaka 30, na shule ya msingi kwa muda mrefu kuliko huo, na nimesoma historia kadhaa za makanisa ya kwetu. Zinataja mwaka wa kuanzishwa, jina la mmisionari, wachungaji waliofuatana na bati lilipoezekwa. Aliyecheka hatajwi. Aliyeshuku hatajwi, ila pale alipofukuzwa. Lakini imani iliyonifikia mimi ilipita kwenye mbavu za mwanamke huyo, kwa hiyo nitaiandika ilivyonifikia.

Marafiki walitoka Marekani. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson walifungua misheni Kaimosi, na kutoka huko neno likaenda kaskazini hadi Lugulu, katika nchi ya Wabukusu. Hawabatizi kwa maji, wala hawana mkate na kikombe mezani. Walichotuletea, pamoja na shule na zahanati, ni kungoja kimya. Mnaketi, mnanyamaza, mkiamini kwamba Mungu anaweza kusema na yeyote aliyemo, awe mzee wa kanisa au mpishi wa bwana. Nyimbo na mahubiri marefu yaliongezeka baadaye, maana Mbukusu hawezi kukaa bila kuimba, lakini kile kimya kilibaki. Na katika kimya cha namna hiyo hata kikohozi kina uzito. Sembuse kicheko.

Mhubiri alisimama kidogo, akaendelea. Jioni wazee wawili wa kanisa wakaja kwenye nyumba ya Kukhu, kule kwenye mstari wa vibarua. Aliwawekea viti. Mama alijua wamekuja kuuliza. Hawakuuliza. Walikaa kimya kama walivyofundishwa, wakingoja mtu asukumwe kusema, na Kukhu naye akakaa kimya, mikono mapajani. Kuni zikaungua mpaka zikaanguka. Hatimaye mzee mmoja akasema taratibu, "Mama, ulicheka."

Kukhu akajibu, "Sikucheka, baba."

Ndipo wote watatu wakatambua ni maneno ya nani. Sara alikana vivyo hivyo, kwa woga, naye Bwana akamwambia kwamba alicheka, basi. Hakumwadhibu, wala ahadi hakuiondoa. Mama anasema mzee yule alianza kutikisa mabega, akafunika uso kwa kofia, na mwisho wakacheka wote hadi watoto wa nyumba ya jirani wakaja kuchungulia. Kabla hawajaondoka Kukhu aliwauliza jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Aliwakumbusha kwamba katika sura ya 17 Ibrahimu ndiye aliyecheka kwanza. Alianguka kifudifudi, akacheka moyoni kwa kuwa yeye alikuwa anakaribia miaka 100 na mkewe 90, wala hakuna aliyemhoji. "Mzee alicheka, akaachwa. Mbona mama ndiye aliyeulizwa?" Wazee hawakuwa na jibu. Mimi pia sijalipata, na nimelitafuta.

Sasa lazima nieleze Kukhu alikuwa anacheka nini hasa, maana hakuwa na haja ya mtoto mwingine. Alikuwa na watoto saba.

Nchi ya Trans Nzoia ilikatwa mashamba ya Wazungu kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi ya Kenya askari wake waliotoka vitani, na wengi waliangukia huku, kwenye udongo mwekundu unaokubali mahindi bila kubembelezwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahindi yakapata njia, na mashamba yakataka mikono. Mikono ilitoka Bungoma. Kuka, babu yangu, na Kukhu walipanda kutoka upande wa Kimilili na ng'ombe wanne, wakawa maskwota: unamfanyia bwana kazi siku alizokuandikia kwenye mkataba, naye anakuruhusu kulima kishamba na kuchunga mifugo kidogo. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka siku 180 kwa mwaka. Sheria mpya ya 1937 iliruhusu siku nyingi zaidi, na ikawapa walowezi uwezo wa kupunguza ng'ombe na ekari za skwota. Ng'ombe wa Kuka wakawa wawili, kisha mmoja. Watoto walizaliwa hapo, wakazikwa hapo waliokufa, na kwa mujibu wa sheria hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kuwa hapo bila kufanya kazi.

Basi, katika hali hiyo, nyumbani mwa nyanya yangu kulikuwa na ahadi mbili. Ya kwanza ya kanisani: Mungu huwapa wanyonge nchi. Ya pili ililetwa na Kuka, nayo ilikuwa ya Elijah Masinde.

Masinde alikuwa wa Kimilili, na watu walimjua kwanza kwa miguu yake. Alikuwa mchezaji mpira hodari, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Alikuwa wa Marafiki pia, mpaka alipooa mke wa pili akatengwa. Baadaye akawa anafundisha kwamba Wele, Mungu wa baba zetu, hakuhitaji kuletwa na meli, kwamba Waafrika warudi kwenye ibada za wahenga wao, na kwamba Wazungu wataondoka. Harakati yake ikaitwa Dini ya Msambwa. Mwaka 1945, baada ya kugombana na watu wa serikali waliokuja kusimamia kazi za kilimo, alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, akakaa humo hadi 1947.

Hapo ndipo Kukhu alipocheka mara ya kwanza, miaka kadhaa kabla ya ile stoo. Alimcheka mumewe. Mcheza mpira, tena wa Mathari, ndiye atakayewaondoa Wazungu? Watu wengi walicheka namna hiyo. Ilikuwa rahisi, na serikali yenyewe ilikuwa imeshatoa cheti cha wazimu. Kuka hakubishana. Septemba 1947 aliomba ruhusa ya kwenda msibani, akatembea hadi Chetambe, karibu na Webuye, penye boma ambalo Wabukusu walipigwa vibaya na Waingereza mwaka 1895, mikuki ikikabiliana na bunduki za Maxim. Masinde alikusanya maelfu hapo kuwakumbuka waliouawa. Kuka hakuwa amemdanganya bwana wake. Ulikuwa msiba, uliocheleweshwa miaka 52.

Mnamo Februari 1948 waumini wa Msambwa waliandamana hadi kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu, pwani, umbali ambao kwa Mbukusu wa siku hizo ulikuwa sawa na kuzimu. Alikaa kizuizini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kukhu hakumcheka Masinde tena. Alibaki Rafiki, hakuwahi kuingia Msambwa, na aliamini mpaka mwisho kwamba Masinde alikosea mambo mengi. Lakini aliniambia, nikiwa msichana, kwamba kuna kumcheka Mungu na kuna kumcheka mtu anayeteswa. Kile cha kwanza Mungu anaweza kukibeba. Cha pili alikitubu kwa sauti katika mkutano wa kanisa, akiwa amesimama, jambo lililohitaji ujasiri, kwa kuwa dini yenyewe ilikuwa haramu na masikio ya nyapara yalikuwa kila mahali.

Kwa hiyo mwaka 1955, mhubiri aliposoma juu ya Sara, mwanamke aliyekuwa kwenye ubao alikuwa amekwisha kuonja kucheka na kujuta. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari. Kuka alikuwa na ng'ombe mmoja. Na mhubiri, katikati ya kusoma, aliinua macho akasema kwamba aliyempa Sara mtoto ndiye atakayewapa watu hawa mashamba. Ni hapo alipocheka. Kila anaposimulia, mama hurudia kwamba mwili wa nyanya ulijua hesabu ya siku za kibarua, na mwili huo ndio uliocheka kabla yeye hajaamua.

Kuka aliposikia habari ile, mtu wa dini iliyofukuzwa, alisema jambo la kuisifu Biblia, kwa mara ya pekee inayokumbukwa nyumbani kwetu. Alisema kitabu kilichokubali kuandika kicheko cha mwanamke huyo, na kukiacha humo, hakiwezi kuwa cha uongo chote.

Uhuru ulipokaribia, mambo yalikwenda upesi kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Mwaka 1962 serikali ilianza mpango wa ekari milioni moja, kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Kwetu mashamba mengi makubwa yalinunuliwa yakiwa mazima, na vyama na kampuni za watu waliochanga hisa. Kuka aliuza ng'ombe. Kukhu alipukuchua mahindi ya watu kwa malipo, senti zikaingia kwenye mkebe wa majani ya chai, na kila alipoutikisa mkebe alicheka. Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, safari hii na serikali yetu wenyewe. Masinde aliendelea kuingia na kutoka jela mpaka uzeeni, akafa mwaka 1987. Kuka alisikitika sana juu ya marufuku ile ya pili. Alikuwa amezoea kuteswa na wageni.

Alifariki mwaka 1971 bila kuona mgao. Nilikuwa na miaka 10, na katika matanga yake ndipo nilipoona kumuse kwa mara ya kwanza.

Kumuse ni desturi ya kuwafariji wafiwa, nayo haifanyiwi kila mtu. Ni heshima ya wazee. Siku chache baada ya maziko, watu hukusanyika asubuhi mapema na kuketi wakiacha uwanja wazi katikati. Mzee aliyeirithi kazi hiyo huingia na fimbo yake, akatembea huku na huko, mara taratibu mara kwa kasi, akisema. Hakuna anayemkatiza wala kumpita mbele. Anaeleza koo zilikotoka, nani alimwoa nani, mto gani ulivukwa, vita gani vilipiganwa. Anakemea. Na anachekesha. Miaka ya baadaye Manguliechi alivuma kwa kazi hii kuliko wote, hata kanda zake zikasikilizwa mijini, na wasomi wa fasihi simulizi wakamwandikia tasnifu. Yule wa matanga ya Kuka hakuwa na jina kubwa. Lakini nakumbuka alivyosimama mbele ya wajane na wana, akasimulia jinsi marehemu alivyomwomba bwana ruhusa ya kwenda msibani Chetambe, akamwigiza bwana akiuliza ni nani aliyekufa, na Kuka akijibu kwa adabu kwamba ni watu wengi.

Uwanja mzima ulicheka. Watu walilia na kucheka kwa pumzi hiyohiyo. Nilimtazama Kukhu, aliyeketi chini na kitambaa kichwani, nikaogopa kwamba atakasirika. Alikuwa anatikisika mbavu. Wapo wachungaji waliokataza kumuse wakisema ni mambo ya kale; kwangu mimi sijaona ibada iliyoliweka kaburi na kicheko karibu hivyo bila kulidharau lolote. Watu wa Saboti waliomchagua mwanasiasa Michael Kijana Wamalwa bungeni kuanzia 1992 walijua walichokipenda katika ulimi wake. Ulikuwa na ladha ya uwanja ule.

Mwaka 1974 tulipata ekari tano, si mbali na Machewa. Mpimaji alipochomeka kigingi cha mwisho, Kukhu alikaa chini, palepale kwenye majani, akachukua udongo mkononi na kucheka mpaka machozi yakamtiririka. Alikuwa na miaka zaidi ya 60. Hatimiliki ilichelewa mno. Ilitoka mwaka mmoja baada ya kifo chake, 1999. Lakini siku ile, kwenye kigingi, mimi niliona sura ya 21 ya Mwanzo kwa macho yangu, pale Sara anapomzaa Isaka, jina ambalo maana yake ni kucheka, na kusema kwamba Mungu amemfanyia kicheko. Jirani yetu wa Kitale, mama Mwislamu aliyekuwa na duka, aliniambia kwamba na Kurani, katika Sura ya Hud, inamtaja mke wa Ibrahimu akiwa amesimama, akacheka, kisha akabashiriwa Isaka. Kicheko kwanza, habari njema baadaye. Nilifurahi kwa juma zima.

Ningependa kuishia hapo kwenye kigingi, na kwa miaka mingi niliishia hapo.

Kabla ya walowezi, kabla ya vibarua wa Bungoma, wafugaji wa Kisabaoti walichunga katika nchi hii. Waliondolewa mashamba yalipokatwa. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter ilianza kusikiliza madai mwaka 1932, ikatoa ripoti 1934, na Trans Nzoia ikabaki ya Wazungu. Wazungu walipoondoka, mashamba yalinunuliwa na waliokuwa na hisa. Sisi tulikuwa nazo. Hasira ya ardhi ilijaa mlimani kwa miaka mingi, ikalipuka na SLDF, kundi la Wasabaoti lenye silaha, kuanzia 2006, na vijiji vya mlimani na vya Trans Nzoia vikaona mauaji. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wananchi wengi wasio na silaha waliumia kati ya bunduki hizo mbili.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limejaa watu waliokimbia, Wabukusu na Wasabaoti, wamelala kwenye mabenchi. Usiku wa tatu mama mmoja wa Kisabaoti, mzee kuliko mimi, aliniomba nimsomee kitu. Nilifungua nilichokijua kwa moyo. Nikasoma Sara kwenye mlango wa hema, nikasoma kuzaliwa kwa Isaka, nikafunga kitabu. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza, kwa Kiswahili cha upole, "Na Hajiri, mwalimu?"

Nilijua yaliyofuata, ila sikuwa nimewahi kuyasoma kwa sauti katika somo langu. Baada ya karamu ya Isaka, Sara anamwona mwana wa Hajiri, na Biblia yetu inasema anafanya dhihaka. Nilikuja kujifunza baadaye, kwa mwalimu wa chuo cha Biblia, kwamba katika Kiebrania kitendo hicho kinatoka kwenye shina lilelile la kicheko cha Sara na jina la Isaka. Mtoto wa kijakazi alicheka, basi, au alicheza, na kwa hilo mama yake akatolewa nje na mkate na kiriba cha maji begani, akatangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Kicheko kimoja kilipewa mtoto na nchi. Kingine kilifukuzwa.

Nilimtazama mama yule. Aliniambia, bila ukali wowote, kwamba bibi yake alizaliwa kwenye kilima tunachokiona kutoka mlangoni mwa kanisa, na kwamba walihamishwa wakiwa na watoto migongoni. Sikuwa na la kumjibu. Nilikumbuka udongo mkononi mwa Kukhu, na kwa mara ya kwanza furaha ile iliniuma. Siwezi kuikana, kwa kuwa ilikuwa ya kweli na tuliilipia kwa ng'ombe na mgongo. Siwezi pia kumwambia mwanamke aliyelala kwenye benchi langu kwamba neema iliyotufikia sisi ilifika bila kumkanyaga mtu.

Nikafungua tena sura ya 21, nikasoma maji yalivyokwisha kwenye kiriba, na Hajiri alivyomlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Sauti yangu ikakatika hapo. Mama yule akaniwekea mkono kwenye goti.

"Usiishie hapo," akasema. "Soma mpaka kisimani."